Fungu la Shangazi

…mbele ya ukumbi mzima, Katarina, na maikrofoni mkononi! Shangazi Elieshi huyuhuyu. Huyu ambaye ukimwuliza tu amelalaje, anaangalia kwanza nani anasikiliza.

Ngoja, nimeanzia mwisho. Vuta hicho kigoda ukae, na hayo mayai nisaidie kuyafunga, maana boksi za kesho hazijakamilika na leo mimi siwezi kufanya kazi mdomo umefungwa. Wewe ulikuwa fildi huko Mbulu na ng'ombe wa watu, umekosa sendofu ya dada Jackline, tulivyomuaga kabla ya harusi, umekosa kila kitu. Nakupa yote. Na sasa naruhusiwa, kwa sababu mwenyewe ameshasema. Miezi yote hiyo mimi, Anneth, nilikuwa najua na sikumwambia mtu. Usicheke. Nilikuwa naumwa nayo kama jipu.

Basi shangazi unamjua. Karatu nzima wanamwita Mama Boksi. Watalii wanaoshuka Kreta ya Ngorongoro wakafungua lanchi kule chini, kuku, yai, ndizi, keki na juisi, wengi wao boksi zimefungwa hapa, kwenye meza hii. Na mwaka juzi ulipokuja ulimwona alivyokuwa. Mlango wa jikoni alikuwa anaupita kiubavu. Tluway, dereva wake, akawa anamtania, "Mama Boksi, gari likilala upande najua umeshapanda, sihitaji kugeuka." Anacheka naye. Lakini mimi nikija likizo nalala chumba cha pili, nasikia. Anakoroma mpaka pumzi inakata, kimya, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Magoti yamekwisha, sukari ipo, presha ipo. Daktari akamwambia waziwazi, ukiendelea hivi, watoto wa kaka zako watakuzika wewe kabla hujawaoza.

Ndipo akaenda India. Nyumbani aliaga kwamba ana mawe kwenye nyongo. Baba mkubwa Eliamini akaitisha ndugu, tukaomba, tukaimba, akasindikizwa na nyongo yake. Hakuna nyongo, Kata. Alikwenda kupunguzwa tumbo. Wanakukata mfuko wa chakula unabaki mdogo, kijiko hiki na hiki umeshiba. Ukizidisha kidogo, au ukimeza kipande hujakitafuna kikawa uji, kinakwama hapa kifuani, unalia machozi, kisha kinarudi kilikotoka.

Alivyorudi nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe ile hospitali ina mwanasaikolojia wake yuko Dar, anaitwa Dokta Marsela, anawafuata wagonjwa wao wa huku kwa simu. Kila Alhamisi, saa kumi jioni, anapiga. Shangazi anaweka spika kubwa kwa sababu anaamini simu inaunguza sikio, kwa hiyo mimi nikiwepo nasikia kila kitu, na yeye anajua nasikia, na hatuongelei.

Mwanzoni alikuwa anakasirika. "Tumbo wameshakata. Huyu sasa anatafuta nini kichwani kwangu? Mimi nataka anijibu, yeye ananiuliza." Lakini hakuacha kupokea hata siku moja. Na kuna kitu nilikipenda kwa yule dada. Anasema, "Mama, habari za wiki?" Shangazi anajibu, "Nzuri." Anamwambia, "Hiyo ni ya majirani. Mimi nipe ya kwako." Shangazi akasema, "Mbaya." Katarina, umewahi kusikia mtu mzima ameulizwa habari akajibu mbaya? Nilidondosha trei.

Sasa kilo zikaanza kuondoka. Na si unajua hapa kwetu mtu akikonda. Hakuna anayeuliza umekula nini. Wanasema amekanyaga miwaya, ana Ukimwi. Mjane tena, mumewe Herbert alikuwa dereva wa watalii, alilala kambi zote, hesabu wanamaliza wenyewe. Madereva wawili wakahamisha oda zao. Mmoja nilimwona kwa macho yangu, amefungua boksi hapo nje, ananusa kuku. Ana bahati nilikuwa nimeshika mayai ya kuchemsha na si mabichi.

Shangazi alipoona hivyo akataka kuwaonyesha. Kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani akapakua sahani kama zamani, ugali na kitimoto, akakaa katikati ya watu, akala. Akala kama anajibu kesi. Haikupita muda tuko nyuma ya jiko, mimi nimemshika kichwa, na akina mama wanapita na masufuria wanatuangalia, wanaangaliana. Mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, "Ndiyo yenyewe hiyo. Hata chakula kimemkataa."

Kuanzia hapo ndio ikawa wasiwasi mtupu, kwa sababu sendofu ilikuwa inakuja, na kwenye sendofu kuna ndafu. Nyinyi huko kwenu mnaiona ni mbuzi tu amechomwa mzima akapambwa majani. Kwetu Wachaga bibi harusi anakata kipande, anamlisha shangazi yake kwa mkono, ukumbi mzima umesimama, kamera zinawaka. Ile ni baraka. Shangazi akifunga mdomo, amemfungia binti.

Wiki ya sendofu nyumba hii ikajaa ndugu kutoka Machame, maana sherehe yenyewe ilikuwa hapahapa Karatu. Jumatano niko uani namenya ndizi za mtori na mama, baba mkubwa akaja akasimama na fimbo yake. Akamwambia mama, "Jackline amlishe shangazi yake wa kwanza kabisa, kabla yetu sisi wote. Na kipande kiwe cha maana. Harusi yenyewe hatujui kama ataifikia." Mama akaanza kulia, machozi yanaingia kwenye ndizi. Baba mkubwa akaendelea, "Akishamlisha, nimeongea na mwinjilisti, atasimama pale pale amwombee. Watu waone hatukumwacha."

Unaona upendo huo? Wanamuaga mtu mzima, mwenyewe hajui, na kwaya imeshaambiwa wimbo.

Nilikwenda chumbani nikamwambia. Alikuwa anakunja vitenge. Hakulia. Akaweka kitenge chini, akasema, "Nikikataa, nimemnyima Jackline. Nikimeza, kitarudi, na mwinjilisti yuko palepale, itakuwa imethibitishwa." Akakaa kitandani. "Mwambie mama yako naumwa. Siendi." Nikafika mlangoni. Akaniita. "Anneth, rudi. Kesho ni Alhamisi. Kwanza tumsikie yule wa Dar."

Sasa Alhamisi ataongelea wapi? Nyumbani hakuna kona. Sebuleni wajomba, jikoni akina mama, mpaka chooni kuna foleni. Tluway alikuwa anapeleka boksi za kundi moja lililokuwa linasubiri langoni Ngorongoro. Shangazi akasema tunakwenda naye. Tukapanda kwenye Landkruza, mimi nyuma na boksi, yeye mbele. Tluway akamwangalia, akasema, "Siku hizi Mama inabidi nigeuke kuhakikisha umo." Shangazi akamwambia, "Endesha. Nimo."

Langoni mtandao upo. Tluway akateremka na boksi za wageni, akatuachia mbili za akiba, moja akaisahau juu ya boneti. Saa kumi simu ikaita.

"Mama, habari za wiki?"

"Mbaya, Dokta. Mbaya sana." Akamwambia yote, ndafu, mwinjilisti, miwaya, ile siku ya kipaimara.

Dokta Marsela hakumpa pole. Akamwuliza, "Unachoogopa hasa ni nini, nyama au watu?"

"Watu. Nyama nimekua nayo."

"Watu wakijua ukweli watafanya nini?"

"Watacheka. Watasema alishindwa kufunga mdomo wake mwenyewe mpaka Wahindi wakamfungia."

Kabla hajamaliza, puu, nyani kwenye boneti. Dume, Kata, kifua kama cha mlinzi wa benki. Hakutuangalia hata sisi. Akafungua lile boksi kama mtu aliyelifunga yeye, akatoa yai, akalitia mdomoni na foili yake, akatema foili, akachukua kuku. Na kila akimeza anageuza shingo, kushoto, kulia, nyuma. Anameza, anageuka. Mashavu yamejaa na bado anasukumiza keki. Mimi nimebanwa na kicheko mpaka mbavu zinauma. Namtazama shangazi, hacheki.

"Mama, upo?"

"Nipo, Dokta. Kuna nyani hapa anakula boksi langu." Akasogea kiooni. "Anakula huku anaangalia nani anakuja. Mimi ndivyo nilivyokuwa nakula."

Na shangazi akaanza kusema, taratibu, macho kwenye kioo cha gari. Kwamba enzi za mjomba Herbert, wageni walikuwa wanaacha boksi hawajazigusa, na yeye hazitupi, anazirudisha nyumbani. Jioni wanakaa wawili hapo nje, wanafungua moja moja kama zawadi, yeye anakula kuku, Herbert anakula keki kwa sababu alipenda tamu kama mtoto. Halafu gari likapinduka kule mteremko wa Mto wa Mbu. Lakini boksi ziliendelea kurudi. Madereva wengine wanaziacha mlangoni, kwa heshima tu, si unajua. "Nikaona nikizitupa, nimemtupa yeye," akasema. "Nikawa nazila zote. Ya kwangu na ya kwake. Nimefunga pazia."

Mimi huko nyuma kicheko kimenitoka mwilini chote. Nimekaa na yule mtu likizo ngapi, nimepishana naye kwenye korido na hayo maboksi, sikuwahi kuuliza.

Dokta Marsela akasubiri. Sijui alijuaje kusubiri, yuko Dar, hamwoni. Kisha akauliza, "Jumamosi, ukiwa pale mbele, unataka kula vipi?"

Shangazi akamtazama nyani. Akasema, "Bila kuangalia nani anakuja."

"Hiyo utaifanyaje?"

"Sijui. Lakini nitakwenda."

Tluway akarudi akiwa anakimbia, akapiga ukelele kwa Kiiraqw, nyani akashuka kwa madaha na juisi mkononi. "Mama Boksi," akasema akifuta boneti, "huyu mteja wako mpya hata asante hana." Ndipo shangazi alipocheka. Akacheka karibu njia nzima ya kurudi. Tulipofika kwenye mashamba ya ngano, akakatiza kicheko ghafla kama aliyekumbuka sufuria jikoni, akaniambia, "Anneth, Jumamosi uniwekee boksi moja safi kwenye pochi yangu. Tupu." Nikamwuliza la nini. Akasema la kazi.

Basi Jumamosi. Ukumbi umepambwa rangi ya dhahabu na ya maziwa, Jackline amependeza mpaka anakera, emsii ni Gideon, yule wa redio, anachekesha hata kiti. Shangazi kavaa kitenge cha sare kimepunguzwa upande hadi upande, bado kinamcheza. Kila anapopita naona vichwa vinasogeleana. Mwinjilisti amekaa meza ya pili, Biblia kwenye magoti, anamtazama kwa huruma mpaka nikatamani kumrushia kitambaa.

Ndafu ikaingia, vigelegele, Gideon akaita, "Tunaanza na mtu mzito katika ukoo huu, shangazi." Akagundua alichosema, akameza mate. Watu wakaguna. Shangazi akasimama akaenda mbele, si haraka, si polepole.

Jackline akakata kipande. Kata, nilikiona kutoka meza ya nne. Kipande cha paja, kama ngumi ya mtoto. Walikuwa wamemwambia kiwe cha maana na yeye anatii. Analia tayari, kwa sababu na yeye aliamini anamuaga. Akakinyanyua. Mwinjilisti akasimama. Kamera zote hapo.

Shangazi hakufungua mdomo.

Mama akashika meza. Shangazi akakipokea kile kipande kwa mikono miwili, kama sakramenti, akaomba maikrofoni. Gideon akampa kama mtu anayekabidhi funguo za gari kwa polisi.

"Nyama hii siikatai," akasema. "Mwanangu Jackline, nimeipokea, na baraka zangu zote unazo. Lakini kabla sijala niwaambie. Mnaniona nimekonda. Mnasema nina ngoma. Sina. Na ningekuwa nayo, bado ningekuwa shangazi yenu, na ningesimama hapahapa."

Akatazama meza za ndugu.

"Sikwenda India kwa nyongo. Hilo niliwadanganya. Nilikwenda kupunguzwa tumbo, kwa sababu nilikuwa nakufa na mlikuwa mnaniambia nimependeza. Sasa tumbo langu ni dogo. Kipande hiki ni chakula changu cha siku mbili. Nikikimeza hapa kwa kuwafurahisha, mtanibeba." Akageuka. "Kaka Eliamini."

Baba mkubwa akasimama na fimbo. "Naam, mdogo wangu."

"Marehemu baba, akienda kula nyama kwa ndugu zake, fungu lake lilikuwa linarudi vipi nyumbani?"

Mzee akafikiri. "Kwenye jani la mgomba. Tulikuwa tunalipokea mlangoni."

"Kuna siku aliambiwa alimalize palepale?"

"Hapana," akasema mzee. "Fungu ni la mtu. Analila anapotaka."

"Basi jani langu ni hili." Akafungua pochi, akatoa lile boksi, akalikunjua mbele za watu kwa ule ufundi wake, tap tap, limesimama. Akachuna kanyama kadogo, ukubwa wa ukucha, akakaweka mdomoni. Kipande kilichobaki akakilaza ndani ya boksi, akafunga kifuniko. Na akaanza kutafuna.

Akatafuna, Katarina. Watu wamesimama wanamwangalia anatafuna. Hageuki kushoto, hageuki kulia, macho mbele. Akatafuna mpaka mwinjilisti akakaa. Akatafuna mpaka Gideon akashindwa kuvumilia, akasema kwa sauti ndogo kwenye maikrofoni ya akiba, "Dijei, tuwekee wimbo, huyu mama anatafuna albamu nzima." Na shangazi akamnyooshea kidole, subiri, bado. Akameza. Akangoja kidogo, mkono kifuani. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilipofumbua alikuwa anatabasamu, akasema, "Kimekaa."

Vigelegele hivyo sijavisikia kwenye harusi yoyote. Jackline akamkumbatia mpaka taji likahama. Mama analia tena, ila sasa analia vizuri. Na unajua nani aliyekuja kwanza mezani kwetu? Yule mama wa kipaimara, aliyesema chakula kimemkataa. Akavuta kiti, akainama, akamnong'oneza, "Dada Elieshi, hiyo ya India, na sukari inashuka?" Shangazi akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kila mtu asikie, "Inashuka. Ila kichwa kinabaki na kazi. Nina daktari wa kichwa, tunaongea kwenye simu kila wiki." Daktari wa kichwa, Kata. Karatu. Mezani. Mbele ya wifi zake.

Wapo waliocheka, usidhani. Dereva mmoja hapo stendi ameshaanza kumwita Mama Tumbo. Shangazi kamwambia, "Leta oda, ndio uniite." Na ile oda ya jana, ukitazama chini ya meza, ni ya dereva huyohuyo.

Sikia, hilo ni yai la mwisho? Liweke hapo. Maana sijakwambia kwa nini nimevaa viatu. Leo Alhamisi. Ona nje pale kwenye Landkruza, siti ya mbele, yule mwenye fimbo. Baba mkubwa Eliamini. Ndugu wote wameondoka na basi Jumatatu, yeye amekataa. Asubuhi kaja jikoni, kasimama pale ulipo, kamwambia shangazi, "Huyo daktari wako wa Dar, nina swali langu moja. Sitaki kuliulizia nyumbani." Shangazi hakumwuliza ni swali gani. Kampa siti yake tu, yeye kaenda kukaa nyuma na boksi.

Umesikia honi hiyo? Tluway huyo, saa kumi inakaribia na mpaka langoni kuna mwendo. Mimi nakaa nyuma na shangazi, na ile simu, unaijua, iko spika kubwa. Nipishe. Kesho uje mapema kabla mayai hayajachemka, nikwambie mzee aliuliza nini.